Pakawa

Panda, Riziki, lakini shika ukuta:
kipago cha tano kimelegea,
na Famau ameahidi kukitengeneza tangu kitabu cha pili.
Viatu acha hapo. Kapu hilo la kofia
usilisogeze, mna sindano.

Shufaa wa duka la dawa unamjua,
ndiye aliyekuona ukisoma mita yetu ya stima
huku kitabu kimechomoza mfukoni.
Yeye ni wa upande wa malkia. Usimchokoze.
Yule ni Mwalimu Kombo, wa hesabu,
aliyeichora upya ramani ya ukurasa wa mbele
kwa sababu, asema, mto haupandi mlima,
hata ukiwa mto wa majoka.
Mimi hufua mashuka nyumba ya wageni, Mkomani.
Wageni huondoka, vitabu husalia chini ya mito
(ya kulalia, Mwalimu, si ya ramani).
Cha tatu kilinijia kimelowa mafuta ya jua;
hadi leo vita vyote vya kaskazini
vinanukia nazi.

Umefika ukurasa gani?
Mia mbili na kumi, umesema, cha kwanza.
Chumba kikanyamaza
kama nyumba yenye mtoto aliyelala.
Mia mbili na kumi!
Shufaa kaziba mdomo kwa ncha ya leso,
Mwalimu anatafuta miwani iliyo usoni pake.

Hatutakwambia neno.
Ila moja twaambizana mlangoni,
maana kulificha ni dhuluma:
vitabu ni saba, vilivyotoka ni vitano.
Cha sita mwandishi yuwaandika
tangu mwanangu hajaota meno.
Sasa ananyoa ndevu.
Alisema Paukwa, huko kwao kwenye baridi,
nasi huku tukaitika Pakawa,
na tumekaa vivyo hivyo, vinywa wazi,
inzi wakiingia na kutoka.

Famau asema tumeibiwa.
(Hajanunua hata kimoja. Hasira zake
zatushinda sote.)
Shufaa asema: ulipata kitabu, hukumpata mtu;
mwache mzee wa watu alale.
Na Mwalimu, bila kuinua kichwa:
Famau, ile kofia ya harusi ya Aboud
uliyochukulia arubuni, iko wapi?
Aboud ana watoto watatu.
Famau kacheka, kalamba uzi,
sindano haioni tundu.

Kigoda ulichokalia kilikuwa cha Lali,
karani wa kwa kadhi,
msomaji wa polepole, kalamu ya risasi sikioni.
Alipolazwa, kitanda cha dirishani,
aliniuliza: Cha sita kimetoka?
Nikasema, Kimetoka.
Mungu anisamehe, nilikuwa na mashuka ya watu begani.
Basi? Nani kakalia kiti?
Nikamwambia. Nilibuni papo hapo,
na jina nililotaja hutalisikia,
Shufaa ananikanyaga kidole.
Kesho yake akaenda yeye, hajui langu,
akamwambia lake.
Famau akamuua kila mtu, akabakisha joka moja
linalia.
Mwalimu hajui kudanganya. Alikaa, akakunja mwavuli,
akasema: Hakijatoka, Lali.
Lali alicheka hadi muuguzi akaja mbio.
Basi ninayo miisho mitatu, akasema,
na bado nangoja.

Nakala hii ni yake, iweke yako
kando, ina kurasa zilizochanika.
Aliandika pembeni, utaona, herufi ndogo za mahakamani:
"mwongo huyu", "angalia pete",
na mahali pamoja hesabu ya sukari na mchele.
Endelea ulipoachia.
Mia mbili na kumi na moja.
Usijali tukikukodolea macho.
Famau, weka sindano chini.

Umefunua.
Umesoma mistari miwili, mitatu.
Umeinua uso: mbona hapa kaandika "hapana"
mara nne, na karatasi imetoboka?

Kahawa inapoa. Hakuna anayejibu.
Mwalimu kavua miwani.
Soma, mama. Soma.