Anayesimama Mezani

Oktoba, ziwa halijaganda bado,
tunavua gati kama mtu anavyovua viatu vya matope,
kipande baada ya kipande, Delmar majini hadi kifuani
akiitukana baridi kwa Kinorwe,
lugha aliyorithi matusi yake tu.

Bomba la tatu lilinikwaruza kiganja.
Si kutu. Kutu naijua.
Nikarudisha kidole taratibu: msasa,
na katikati ya msasa, gamba moja,
dogo kama ukucha wa kidole cha mwisho,
limeshika chuma.

Limeshika. Hapo ndipo tumbo liliponicheza.
Miaka thelathini na moja nimewafundisha watoto wa hapa
kwamba kome wetu hawashiki kitu:
hulala mchangani, weusi, wazito, wakubwa kama kiganja,
mguu umezikwa, umri sawa na wa bibi zao.
Huyu ana ndevu.
Nyuzi za kahawia, laini kuliko nywele za mtoto,
na bado nilihitaji kisu cha siagi kumng'oa.

Jikoni, chini ya taa, nilimlaza kwa tumbo.
Ana binamu ambaye ukimweka hivyo
huanguka ubavu, kila mara, kama mlevi.
Huyu alisimama.
Kitako bapa, mgongo wa pembe,
milia ya kahawia na ya rangi ya maziwa:
punda milia asiye na kwato
juu ya kitambaa changu cha maua.

"Mmoja tu," alisema Delmar, soksi zikichuruzika.
Nilimwonyesha msasa uliobaki kidoleni.
"Hawa je?"

Na hao ndio wanaoonekana.
Kabla ya gamba kuna mtoto asiyeonekana,
anaelea wiki kadhaa bila nanga wala nauli,
ndani ya ndoo ya chambo,
ndani ya kikombe cha maji kilichosahauliwa kwenye injini.
Watu huku humlaumu bata.
Bata hana trela.

Nilikuwa na orodha yangu tayari, nakiri.
Wale wa ghuba ya kaskazini na mashua zao za kifahari.
Kijana wa Haugdahl, asiyefunga hata lango.
Nilishashika kalamu
ndipo nikaikumbuka jeki.

Jeki ya kuinulia mashua, ya mtumba, dola mia mbili,
niliinunua Juni kwa mzee mmoja wa ziwa jingine.
Nilimsifia maji yake, nikiwa nimesimama ukingoni:
mawe yanahesabika hadi kina cha futi ishirini!
Akatabasamu kidogo, hakusema kitu.
Nilidhani ule ni usafi.
Ilikuwa njaa. Kila tone limepita mdomoni mwa mtu,
hakuna kilichobaki cha kulisha samaki mchanga.

Rahisi huvunja upishi.
Wiki tatu juani zingetosha kukausha kila kitu.
Niliipa siku tatu,
maana Soren, mjukuu wangu, alikuwa anakuja Jumamosi
na nilitaka aikute mashua inaninginia, inang'aa.

Nilitoka na tochi. Chini ya fremu,
pale ambapo hakuna mtu anayepitisha kitambaa,
walikuwa wamebanana kama mbegu za alizeti.

Binti wa idara ya maliasili aliitwa Pa Houa.
Sauti yake ya simu ilikuwa na subira ya daktari.
Weka kwenye spiriti, alisema. Piga picha ukiweka sarafu kando.
Tarehe. Kina. Bomba la ngapi.
Kisha: "Una fununu yoyote ameingiaje?"

Delmar alikuwa amerudi majini kwa mabomba yaliyobaki.
Nilimwona dirishani akiinama, akipapasa mchanga,
akainua kome mmoja wetu, mzee, mweusi,
akamgeuza, akamtazama mdomoni kwa muda mrefu mno.

"Ndiyo," nilimwambia Pa Houa. "Andika.
T, O, L, L, E."