Kilo Kumi na Moja na Robo

Alikuja ndani ya kiroba cha mbolea
mgongoni mwa Kastori Kihwele, mjukuu wa mpishi,
asubuhi ile ukungu wa Mafinga ulikuwa haujaamua
kupanda, au kulala tena juu ya misindano.

Nilimweka kwenye mizani kabla sijamtazama.
Ndiyo kazi yangu: rejeta, masufuria, nyaya,
na leo mwanamke wa Kifaransa,
urefu wa kiwiko hadi ncha ya kidole.
Shaba, nilisema. Sikukwangua sana.

Sista Benigna, aliyeleta mageti mabovu ya misheni,
akavaa miwani akasoma chini ya kisigino:
jina la mhunzi, Paris, elfu moja mia nane na kitu,
hicho kitu kimezibwa na ukoga.
"Ni Uhuru," akasema. "Mwenge ni akili.
Titi lililo wazi ni mama anayelisha taifa.
Mnyororo uliokatika..."
Akanyamaza,
maana mnyororo peke yake ulikuwa unang'aa.

Mwili mzima kijani, kama maji ya birika la ng'ombe.
Mwenge umepoteza ulimi wake wa moto.
Lakini pingu ya kifundoni, ile iliyofunguka,
njano tupu, imelainika, imepungua
kama pete ya ndoa ya kikongwe.

Kastori akatazama viatu vyake.
"Babu alipewa kitambaa kila Jumamosi.
Bwana wa shamba la chai alitaka uso ung'ae,
wageni huangalia uso.
Babu alianzia chini. Miaka kumi na tisa
muda ukamwishia palepale."

Nikahesabu hela. Nikamzidishia elfu mbili,
nikajifanya nimekosea.

Alhamisi lori la Dar likaja.
Nikapakia rejeta, nikapakia mageti ya misheni,
nikatia saini. Dereva akauliza: na huyo?
Huyo, nikasema, ni jiwe la mizani.

Sasa yupo dirishani, upepo wa Juni unampiga,
na watoto wa shule wakipita huniuliza
anamngoja nani, mkono juu namna ile.
Nawaambia: umeme.
Hucheka, hukimbilia kengele,
isipokuwa yule mdogo kabisa, mwenye sweta la kurithi,
ambaye kila siku hubaki nyuma kidogo,
hupenyeza kidole gumba kati ya nondo,
husugua mara moja, mbili,
palepale,
na wala sijamwambia kitu.