Ndoo

Jumanne na Alhamisi, baada ya Magharibi,
nyuma ya duka la dawa, Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani,
Mwalimu Semkiwa alitufundisha Kiingereza kisicho vitabuni.
Tulikuwa tisa. Mwenye mvi ni mimi peke yangu,
karani wa ghala la mkonge.

Alisema: kwao jambo rahisi ni kipande cha keki.
Mwantumu, mpika maandazi wa Makorora, akanyoosha mkono:
"Aliyesema hivyo, keki yenyewe alimpikia nani?"

Alisema: anayejisikia vibaya yuko chini ya hali ya hewa.
Tukatazama juu. Sote tulikuwa chini yake,
hasa Aprili ile, na bati la Mwalimu lilivyotoboka.

Alisema: habari usiyoiamini, ipokee na chembe ya chumvi.
Hapo tukabishana hadi umeme ukakatika.
Maana kwetu chumvi huitia msemaji,
kumbe kwao msikilizaji huja na yake mfukoni.
Na babu yangu wa Pangani, aliyekula chumvi nyingi,
sijui wangemweka fungu gani.

Nikaandika yote kwenye daftari la mizigo,
nyuma ya hesabu za marobota:
kuvutwa mguu ni kutaniwa,
kumwaga maharage ni kutoa siri
(sisi humwaga mtama, tena penye kuku wengi),
kupiga teke ndoo ni kufa.

Mwezi wa Sita zikaja habari. Bwana Oweni,
fundi aliyetufungia mashine ya kusokota kamba,
aliyekula pweza kwa mkono akazoea kuitwa shemeji,
amefariki kwao.
Nikaona haya kuliandika neno likiwa uchi.
Nikatafuta la wenyeji, lililojifunika,
nikamwandikia mjane wake, kwa mwandiko wangu bora:
Bibi, nimehuzunika mno kusikia mumeo kapiga teke ndoo.

Mwalimu aliposoma nakala, alikaa.
Akavua miwani. "Mzee Kilua," akasema, "hilo ni la vilabuni."
Siku kumi na tisa sikula nikashiba.

Jibu likaja, mwandiko unatetemeka.
Amecheka, aliandika, mara ya kwanza tangu mazishi,
amecheka hadi jirani akaja kubisha hodi,
maana Oweni mwenyewe asingesema vingine.
Chini kabisa, pembeni, akauliza: nyinyi husemaje?

Nikakaa na swali lile ghalani,
vumbi la mkonge likinikereketa koo.
Nikamjibu bila kufungua daftari:

Sisi husema ameaga.
Hata aliyekufa usingizini,
hata aliyeanguka shambani neno likiwa nusu mdomoni,
twasema ameaga,
kana kwamba alipita nyumba hadi nyumba.

Ndoo, Bibi, hatuipigi teke.
Ndiyo tunayomwoshea.