Barua kwa Olvera, Namba Kumi na Tisa

Bwana Olvera,
hunijui. Mimi ndiye niliyevaa jina lako
misimu kumi na mmoja hapa Goma.

Lilitoka kwenye robota la mitumba, soko la Virunga,
katikati ya mapazia na suruali za wajawazito:
jezi ya kijani, mkono mmoja umetoboka
kana kwamba mbuzi aliuonja akaghairi.
Masika Kyakimwa alitaka dola mbili.
Nilimpa moja na nusu, nusu nikaimalizia kwa nyanya.

Kocha hakuuliza. Timu yetu ilikuwa na rangi saba.
Jumapili ile, kiwanja cha Majengo,
ambako ukianguka goti hubaki na changarawe nyeusi
hadi siku ya kuzikwa,
mtu alipaza sauti: Olvera, rudi nyuma!
Nikarudi. Ikawa hivyo.
Mama peke yake aliendelea kuniita Katembo,
tena akikasirika.
Siku ya kuhesabu mbuzi wa mahari wakwe waliuliza,
huyu Olvera ni wa ukoo gani?
Mjomba hakupepesa macho: wa upande wa mbali.

Herufi zilianza kubanduka.
O iliondoka na kucha za beki mmoja wa Sake.
L ilikwenda na sabuni.
Usiku mke wangu alipojifungua nilikuwa nimegeukia dirisha,
naogopa damu, mimi mwanamume mzima,
na mkunga akamwandika mtoto alichokisoma mgongoni mwangu:
Vera.

Nilikufungia mabao thelathini na manne.
Niliyahesabu kwa mkaa nyuma ya mlango wa jikoni, Buhene.
Mlima uliposhuka usiku ule wa Mei
ulikula mlango pamoja na hesabu.
Jezi ilipona. Nilikuwa nimeivaa.

Goti ndilo lililonipeleka kwa Sista Ofelia, zahanati ya Keshero.
Mtu wa kwenu. Alipitisha kidole mgongoni,
pale kijani kilipobaki kibichi chini ya herufi zilizotoka,
akasoma jina zima,
akacheka mpaka akashika meza.

Ndipo nilipojua ulikuwa beki. Mimi nilicheza mbele.
Unisamehe.
Alisema ulihama timu nne, mbili bila kuulizwa,
ukaazimwa kama jembe kwenye mji wa jangwani
ambao haukukulipa hata nauli ya kurudi.
Kisha ile penalti. Dakika ya mwisho, mpira ukapaa
ukaangukia magari yaliyoegeshwa nje,
na kaka yake Sista akavunja redio ya baba yao.
Ulistaafu na chuma gotini.
Sasa, alisikia, unauza matairi.

Ngoja nikueleze ya kwangu.
Uwanja wa Umoja, mvua, vijana wa Bukavu, moja kwa moja,
dakika ya themanini na tisa.
Kipa wao Cirhuza, viganja kama sinia,
alinijia hadi puani: Olvera, utapaisha.
Alijuaje?
Niliugusa chini, kushoto, polepole,
kama anayesukuma kuku bandani.
Watu elfu nne walisimama wakataja jina lako.
Ilikuwa saa kumi na moja jioni kwetu.
Kwenu asubuhi; labda ulikuwa unafungua duka,
labda kitu kilikugusa bega ukadhani ni upepo.

Nilimuuliza Sista kama deni linaweza kulipwa
na mtu asiyejua kwamba linadaiwa.
Alisema hapana. Akafunga bandeji.
Mlangoni akasema, labda.

Vera ana miaka tisa. Wamempanga beki wa kulia,
sikuwaambia lolote.
Anateleza juu ya mawe ya volkano, anainuka, hajitazami goti.

Mimi naendesha pikipiki, Birere hadi uwanja wa ndege.
Mvua ikikaribia, goti hunitangulia kujua. Lako je?
Tairi la nyuma limebaki kipara.
Sikuombi.
Nasema tu.