Nilichofuta

Langoni umeme umekatika.
Kisima cha Wiyoni, mwaka wa tatu, hakina pampu.
Nikamwandikia Famau, mwakilishi wetu, watu wote wasome:
"Punda wewe."
Nikasita.
Punda wa Shee alipita asubuhi
na mifuko miwili ya saruji,
na ikafika yote miwili.
Nikafuta.

Nikaandika juu ya mguu wake unaochechemea.
Mguu haukutia saini hati yoyote. Nikafuta.
Nikamtaja mamake,
aliyenishika kidole chuoni nikichora alifu.
Hapo nilifuta kabla sentensi haijaisha.

Ukabaki mstari mmoja:
"Famau, pesa za pampu ziko wapi?"
Mfupi. Haukumwachia tusi la kujifichia.
Nikautuma,
na chini yake jina langu kamili:
Somoe binti Kupi.