Senti Kumi

Nyuma ya duka kubwa la Mtaa wa Saginaw, mjini Lansing,
kuna chumba kinachonuka bia iliyolala,
sakafu yake inang'ang'ania kiatu kama mdai.
Mashine tatu ukutani. Moja imefungwa utepe wa njano.
Mbili zina midomo ya mviringo, na foleni.

Nabintu alivaa koti langu la zamani la kazini,
mifuko miwili myeusi begani, mavuno ya mechi ya jana:
wanafunzi walikunywa toka asubuhi, wakapiga kelele, wakaenda zao,
naye akapita nyuma yao kwenye maegesho
ameinama kama anayepalilia,
theluji ya kwanza ikimdondokea shingoni.

Akatia kopo. Mashine ikalizungusha, ikasoma mistari yake,
ikawaza,
kisha mle ndani: kwacha!
Senti kumi.
Kopo. Kwacha. Senti kumi.
Yeye akihesabu kwa Kiswahili, yenyewe kwa Kiingereza,
hadi arobaini na tatu, hapo wakapishana.
"Imeniibia moja," akaishtaki kwangu.
Na tena: "Kwetu mkono mtupu haulambwi.
Njoo uone huku kinacholambwa."

Halafu likaja kopo la Ohio.
Mashine ikalitema taratibu, kama mtoto na dawa.
Akaligeuza. Ikalitema.
Akalifuta kwa ncha ya kitenge. Ikalitema.
Nikamsomea kiooni: halikununuliwa katika jimbo hili.
Nabintu akalitazama kopo, akanitazama mimi.
"Hata kopo linadaiwa makaratasi?"

La mwisho, chupa ya plastiki iliyokanyagwa na gari.
Mashine haipokei kilichopondwa:
ilete nzima, kuponda ni kazi yake.

Mzee aliyekuwa nyuma yetu, Wendell,
miaka thelathini na moja kiwandani akifunga milango ya magari,
akanyoosha mkono bila neno.
Akafungua kifuniko, akaweka midomo, akapuliza.
Mashavu yakajaa. Masikio yakaiva.
Chupa ikalia pwaa, ikasimama,
ikaota mabega.

Ikamezwa.

"Huyu amekula mate ya nani?" Nabintu akaninong'oneza,
kisha akamgeukia, akamshukuru kwa Kiingereza chake cha miezi minne,
mikono yote miwili kifuani.

Dola nane na senti arobaini.
Kwenye basi aliikunja risiti mara tatu.
"Kumi za mwisho usizihesabu," akasema. "Zile ni pumzi za mtu."
Kopo la Ohio lilikuwa mapajani mwake,
limekaa wima, kama abiria.