Mita Saba, Ruashi

Bomba la Regideso lilikohoa mwezi wa tano,
likatema kutu, likanyamaza.
Tukamwita Kapya, fundi wa visima,
mabega kama mlango wa godauni,
malipo yake kwa mita, na bukari isiyohesabiwa vidonge.

Mita ya kwanza, udongo mwekundu.
Ya tatu, changarawe.
Ya sita, jiwe lenye michirizi ya kijani,
kijani cha sufuria ya shaba iliyosahauliwa mvuani.
Ya saba, sururu haikurudi.
Nilisikia chuma kikianguka mbali kuliko shimo letu,
na hewa ikapanda, baridi,
na harufu ya majivu ya jiko la watu wengine.

Kapya alipanda bila kunitazama.
"Mama Mwenya, huko chini kuna njia.
Sikuichimba mimi."

Tukashusha tochi kwa uzi.
Ukuta ule uligongwa jiwe kwa jiwe,
alama ndogondogo, mtama uliomwagwa,
na masizi juu, pale mwenge ulipopumzika.
Wala-shaba, bibi yangu aliwaita:
watu waliofuata ua la buluu vilimani,
kwa kuwa ua lile hupenda ardhi inayoua mengine;
waliovuna mtama kwanza, ndipo wakavuna jiwe,
wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu,
wakaimimina shaba iwe msalaba,
msalaba usiojua kanisa,
uliolipa mahari, uliolipa chumvi,
uliolipa damu ili vijiji vilale.
Bibi alinisimulia fahari.
Upana hakunisimulia.

Upana nimeupima mwenyewe kwa kamba:
shibiri mbili na vidole vitatu.
Kapya hapiti. Mimi sipiti.
Bibi, alipita nani?

Nilikwenda kutafuta koleo, basi.
Niliporudi, kandambili za Mwenya zilikuwa ukingoni,
zimepangwa sawasawa
kama za mgeni mwenye adabu.
Alishukia vishimo vya miguu ya Kapya.
Ana miaka tisa.

Sikusali. Nilihesabu.
Nilifika mia mbili na kumi na mbili,
ndipo nywele zake zikatokea, zimejaa vumbi la kijani.
"Mama, kuna mkono ukutani.
Wa pemba, mweupe.
Nimeuwekea wangu.
Haukuzidi. Haukupungua."

Habari ina miguu kuliko sisi.
Jioni Kisimba wa njia panda alikuja na mizani
na maneno yaliyopakwa mawese:
jiwe hilo ni pesa, mama,
shida ni mlango tu,
na vijana wembamba
hawakosekani mtaani.
Alimtazama Mwenya akisema hivyo.
Alimtazama kama mtu anayepima kitambaa.

Usiku huohuo tulirudisha udongo.
Changarawe, jiwe, udongo mwekundu, kinyume chake.
Kapya alidai mita saba za kwenda
na mita saba za kurudi.
Nililipa. Niliuza redio.

Kabla ya ndoo ya kwanza,
Mwenya alitupa kandambili zake shimoni.
Sikumgombeza, ingawa zilikuwa mpya.
"Za yule," alisema. "Mawe ya huko yanachoma."

Kwa Kisimba nilisema tulikuta mwamba, kisima kimekufa.
Aliguna. Hupita bado, jioni, polepole,
macho yake uani mwangu.

Sasa nanunua maji kwa bido,
franka mia tano, mia nane kiangazi kikikaza,
na pale juu nimepanda mihogo, tunachuma sombe.
Inaota shingo upande, majani ya njano.

Juzi, katikati ya mihogo,
lilichipua ua moja la buluu.
Nililing'oa kabla hapajapambazuka,
nikalitafuna,
mizizi na yote.